Paswadi ya Mkwe

Muthama alipomwambia shemeji yake kwamba kompyuta imemshinda, alikuwa ameketi kwenye kiti cha shemeji huyo, anakunywa chai ya shemeji huyo, na watu wa kanisa wamejaa sebuleni wanasikiliza. Mtu mwenye akili zake angemaliza chai kwanza.

"Mama Mutindi," alisema, akipuliza kikombe, "hii kitu imekushinda, na si vibaya. Kompyuta si mambo ya akina mama. Wacha niibebe niipeleke Kathonzweni, niifomati yote, ianze upya."

Kufomati ni kufuta. Kila kilichokuwa ndani ya mashine kingepotea: menyu za hoteli, kadi za harusi, mitihani ya shule ambayo walimu walikuwa wanaingojea wiki ileile. Kalunde alilijua hilo vizuri. Muthama naye alijua kwamba analijua, ndiyo maana alilisema polepole, kama mtu anayetoa pole.

Kalunde alikuwa mjane wa Mwangangi, kaka yake Muthama. Mwangangi alikuwa mhasibu wa shirika moja la umma kule Mombasa, na shirika lilipopunguza watu, naye akapunguzwa. Akarudi nyumbani Mtito Andei na godoro, redio, na kompyuta kuukuu ya ofisini aliyouziwa kwa bei ya kutupa. Mwaka uliofuata akafa. Kalunde mwenyewe alikuwa amepiga taipu katika ofisi ya serikali mpaka alipostaafu, kwa hiyo vidole vyake havikuhitaji kuonyeshwa herufi ziko wapi. Aliiweka mashine juu ya meza karibu na dirisha, akaitandikia kitambaa cha kufuma kuzuia vumbi la malori, akaanza kazi. Hoteli za barabarani zilimletea menyu. Othman wa duka la vipuri alimletea kadi za harusi ya bintiye Halima. Walimu walileta mitihani ya majaribio. Tangu Mwangangi azikwe, hakuna aliyemlisha Kalunde isipokuwa ile kompyuta.

Muthama alikuwa na mipango yake. Baada ya matanga alikuja kuchukua baiskeli, kwa kuwa ni ya ndugu yake. Akarudi kuchukua pampu ya maji, akarudi tena kuchukua makoti. Kalunde alinyamaza, maana mtu aliyefiwa hana nguvu za kugombania koti. Sasa Muthama alikuwa ameshachoresha kibao cha chuo cha kompyuta na kukitundika kule sokoni Kathonzweni, jina lake kwa herufi kubwa. Kilichokosekana ni kompyuta. Na stima pia, kwa sababu mwaka ule wa tisini na tisa nguzo za umeme zilikuwa bado hazijafika upande ule wa soko. Lakini alisema ataazima jenereta ya kanisa.

Basi siku ile ya chai Kalunde aliweka birika chini, akajifuta mikono kwa leso.

"Muthama, nisikilize vizuri, na nyinyi wengine mnisikie. Jumamosi njoo na pickup ya Mzee Ndolo. Ukipata haifanyi kazi, ibebe na kitambaa chake. Sitasema kitu. Lakini ukipata inafanya kazi, usinitajie tena hii kompyuta mpaka tukutane mbinguni."

Mtu mmoja alikohoa. Mzee Ndolo, mzee wa kanisa na mwenye pickup, aliangalia viatu vyake.

"Na kama hutafika mbinguni," Kalunde aliongeza, "basi hiyo ni shauri yako."

Muthama alicheka mpaka chai ikamwagika. Alikuwa ameona kwa macho yake jinsi mashine ilivyokuwa. Ukiiwasha inanguruma vizuri. Ukifungua faili moja inaganda, kishale hakisogei, kisha linatokea dirisha jekundu lenye ngao linalosema *Virusi!* Kabla hujasoma, linakuja dirisha la kijani lenye kufuli nalo linasema *Virusi!* Kisha kimya. Unazima kwa kitufe, unawasha tena, mambo ni yaleyale. Siku hizo neno lenyewe lilikuwa limeshawatisha watu kwa sababu nyingine. Mbinya, jirani aliyekuwa na hoteli ndogo ya chai na mandazi, alipoambiwa kompyuta ya rafiki yake ina virusi alishusha sauti, akauliza kama imepimwa na kama ni lazima watu wajue.

Wageni walipoondoka, Kalunde alikaa mbele ya mashine na kuikodolea macho. Alikuwa na hasira, na hasira yake haikuwa ya kurusha vikombe; ilikuwa ile ya mtu anayekunja mikono ya blauzi. Kazini walimjua hivyo. Taipu ikikwama, wenzake waliipiga makofi; yeye aliifungua na kutafuta ni nini kipya kilichoingia tangu siku ilipokuwa nzima.

Sasa alijiuliza swali lilelile. Nani ameingia humu tangu siku ilipokuwa nzima?

Jibu halikuwa gumu. Mwezi wa kwanza Muthama alikuja na diski alizopewa na rafiki wa ofisi fulani, akaketi bila kukaribishwa, akaweka ile ngao nyekundu. "Nimekuwekea ulinzi," alisema, kama mtu aliyechimba msingi wa nyumba yake mwenyewe. Halafu wakati wa Pasaka, Kalunde alipokwenda kwenye mkutano wa kanisa Kitui, mkwe wake alipitia hapo. Huyo ni Kiema, mume wa bintiye Mutindi, kijana mwenye kazi katika duka la kompyuta Mombasa. Aliposikia mama mkwe anapokea diski kutoka kwa kila dereva wa lori na kila mwalimu, akaogopa, akaiwekea mashine ile kufuli ya kijani. Alifanya kwa upendo. Muthama alifanya kwa sababu nyingine. Wote wawili hawakumuuliza mwenye mashine.

Aliizima, akaiwasha huku amebonyeza kitufe cha juu kama Mwangangi alivyomwonyesha, ikaamka kwa ile njia ya tahadhari ambayo programu za ziada zote zinaachwa zimelala. Picha ilikuwa kubwa na mbaya, rangi zimepotea. Lakini faili zilifunguka! Mtihani wa hisabati, huu hapa. Menyu ya hoteli ya stesheni, hii hapa, na bei ya matumbo. Hakuna kilichoganda. Aliandika, akafuta, akafungua, akafunga. Mashine ilikuwa nzima kabisa.

"Wewe huumwi," aliiambia. "Wewe unagombaniwa."

Akaelewa. Kila mlinzi wa virusi huwa na orodha ya sura za wezi, ili akimwona mwizi amjue. Yule mwekundu alipochungulia mfuko wa kijani alikuta sura za wezi tele, akapiga kelele. Yule wa kijani alipochungulia mfuko wa mwekundu, naye akakuta hivyohivyo. Na kila Kalunde alipofungua faili, wote wawili waliirukia kuikagua kwanza, hakuna aliyetaka kuachia, na mwenye nyumba akabaki nje ya lango lake mwenyewe.

Mmoja alipaswa kutoka. Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Alipojaribu kumwondoa mwekundu, wa kijani alizuia, akadai paswadi. Alipojaribu kumzima wa kijani, naye akadai paswadi. Hata kwa ile njia ya tahadhari ilidaiwa paswadi. Na kwa njia hiyo printa haikufanya kazi, kwa hiyo asingeweza kuchapa hata karatasi moja ya kumwonyesha Muthama.

Akaenda kwenye kibanda cha simu karibu na kituo cha petroli, akampigia bintiye.

"Mutindi, muulize mzee wako ile paswadi ni gani."

Alisikia Mutindi akigeuka na kuuliza. Akauliza tena.

"Mama, anasema atakuja mwenyewe Jumamosi."

"Mpaka Jumamosi? Kwani hawezi kukuambia wewe uniambie mimi?"

"Amekataa. Anakuna kichwa tu. Mama, hata mimi sijui ana nini."

Kalunde alirudi nyumbani akiwa amekunja uso. Wiki nzima alishinda akijaribu maneno: jina la Mutindi, jina la mtoto wao, jina la Yesu, Mombasa, Kiema. Wa kijani alikataa yote.

Kiema alikuja Jumamosi asubuhi kwa basi la Mombasa, na hakuingia ndani. Hilo halikumshangaza mtu. Ukambani mwanamume na mama mkwe wake wana nthoni, ile heshima iliyochanganyika na haya. Hawatazamani usoni, hawaketi chumba kimoja. Wakikutana njiani, kijana anaingia kichakani mpaka mama apite. Vijana wengi wa mjini waliokoka na kuyaacha hayo. Kiema aliokoka lakini hakuyaacha, na Kalunde, ambaye aliwapigia wachungaji taipu mahubiri mengi ya kuyakemea, moyoni alipenda kwamba hakuyaacha.

Kwa hiyo Kiema aliketi kwenye stuli nje, mgongo kwa dirisha, akitazama barabara. Kalunde aliketi ndani, macho kwenye kioo cha kompyuta. Katikati, kiwiko juu ya dirisha, akasimama Mbinya, aliyefunga hoteli yake asubuhi hiyo ili awe mdomo wa mkwe na sikio la mama. Hakujua Kiingereza na hakuwahi kugusa kompyuta, lakini alikuwa na sauti na alikuwa na moyo.

"Mwambie mama aangalie kama kuna *task* yoyote imekwama," alisema Kiema.

Mbinya akageuka. "Anauliza kama kuna taksi imekwama."

"Taksi?"

"Taksi. Mimi naona malori tu. Nimwambie hakuna?"

Kalunde alifikiri, akaangalia orodha ya kazi za mashine, akaiona. "Mwambie iko. Ni ile ya kijani."

"Iko!" Mbinya alimwambia Kiema. "Ni ya kijani. Lakini mimi siioni hapa barabarani."

"Sawa. Sasa mwambie, kwa hiyo ya kijani, abonyeze *Disable*."

"Anasema ungoje Desemba."

Kalunde alipiga meza. "Desemba! Muthama anakuja leo! Muulize kama amekuja kunisaidia au kunicheka!"

Ilichukua muda kuitoa Desemba kichwani mwa Mbinya, na Kiema akalazimika kuitamka herufi moja moja huku mbwa wa jirani akibweka. Lakini walisonga. Kalunde alifika kwenye kitufe, akakibonyeza, na kile kisanduku cheupe cha paswadi kikatokea tena.

"Mbinya, mwambie tumefika. Sasa inataka paswadi."

Mbinya akamwambia. Kiema alizidi kuikodolea barabara macho.

"Kiema," akasema Mbinya, "mama anataka paswadi."

Kijana alishika kichwa kwa mikono miwili. Na wakati huohuo pickup ya Mzee Ndolo ikaingia uani, Muthama amesimama nyuma kama mtu anayekwenda kwenye mkutano wa siasa, na kamba za kufungia mzigo zimening'inia begani.

Alishuka, akasalimia kwa furaha nyingi, akaingia ndani na kusimama nyuma ya Kalunde. Ndolo alibaki mlangoni, kofia mkononi.

"Haya, shemeji. Imepona?"

"Ngoja."

"Nimengoja wiki nzima. Jumamosi ndiyo hii."

"Jumamosi haijaisha, Muthama. Ngoja. Mbinya! Paswadi!"

Mbinya aliinama karibu na Kiema, wakanong'onezana. Aliporudi dirishani uso wake ulikuwa umebadilika.

"Anasema hawezi."

"Hawezi nini?"

"Kuisema. Anasema ni jina. Ni jina ambalo hawezi kulitaja."

Mzee Ndolo akarudi nyuma hatua moja, akatoka mlangoni kabisa.

"Jina lisilotajwa," alisema kutoka uani. "Nyinyi mnajua huyo ni nani. Mimi nilisikia hizi kompyuta ndani zina namba ya mnyama. Muthama, hiyo kitu haipandi kwa pickup yangu."

"Mzee, tulia."

"Situlii! Kijana wa Mombasa anaweka ndani ya nyumba ya mkristo jina ambalo hata yeye anaogopa? Tuombe kwanza!"

Na akaanza kuomba, kwa sauti, palepale uani, akimkemea yule asiyetajwa atoke kwenye mashine kwa jina la Yesu. Muthama alishindwa kuamua kama afumbe macho au la. Mwishowe alifumba moja. Kisha akainama sikioni mwa Kalunde.

"Unaona aibu unayoleta? Mkwe wako mwenyewe amekufungia nje. Kubali tu. Mwanamke hushindwa, si dhambi."

Kalunde hakuwa hata anamsikia. Alikuwa anamtazama Kiema kupitia dirishani, kisogo chake, masikio yake yaliyosimama, mabega yaliyokunjamana kwa haya. Shetani! Kijana huyo alikuwa akimtaja Shetani kila Jumapili, akimwita kwa majina yake yote na kumkanyaga. Hakumwogopa. Hakuogopa jina la mfu, wala la mkubwa wake kazini, wala la rais. Duniani kote lilikuwepo jina moja tu ambalo Kiema hakuwahi kulitoa mdomoni tangu alipomwoa Mutindi, na asingelitoa hata ukimweka kisu shingoni, kwa sababu mkwe halitaji.

Joto likampanda usoni. Kwanza alitaka kucheka. Kisha akataka kulia, kwani tangu Mwangangi afe hakuna mtu aliyemwita kwa jina hilo. Alikuwa Mama Mutindi kwa kila mtu, mjane kwa kanisa, shemeji kwa Muthama. Halafu hasira ikaja, na hii ilikuwa kubwa kuliko zote. Jina lake mwenyewe limefanywa kufuli ya mashine yake mwenyewe, na yeye ndiye peke yake aliyeachwa bila kuambiwa.

Akaliandika. Vidole havikutafuta herufi.

K-a-l-u-n-d-e.

Kisanduku kikafunguka.

"Kalunde!" alisema, kwa sauti iliyomnyamazisha hata Mzee Ndolo katikati ya ombi. "Ni Kalunde! Hilo ndilo jina la shetani wenu! Nilipewa na nyanya yangu, nikabatizwa nalo, nimelitia sahihi ofisini mpaka wino ukaisha. Halimuumi mtu!"

Mbinya alijifunika mdomo kwa leso. Nje, Kiema alijifunika kichwa chote kwa koti lake.

"Mwambie mkwe wangu nimesikia heshima yake," Kalunde akamwambia Mbinya, sauti imeshuka. "Mwambie namshukuru. Na mwambie asirudie tena kunifungia na jina langu."

Muthama alikohoa. Alikuwa ameona kisanduku kikifunguka, na hakuwa mjinga wa kutoelewa maana yake.

"Basi vizuri. Sasa ondoa hiyo ya huyu kijana, ibaki yangu. Mimi ndiye wa ukoo."

"Kiema anasema uondoe ile nyekundu," Mbinya akaleta ujumbe kutoka chini ya koti. "Anasema ni ya zamani sana."

"Zamani!" Muthama akaja juu. "Yangu imetoka ofisi kubwa!"

"Anasema hata ofisi kubwa zina vitu vya zamani."

"Wote wawili nyamazeni," alisema Kalunde. "Nani amewauliza?"

Akavuta droo, akatoa diski moja aliyoifunga kwa mpira. Ilikuwa ya karani mmoja wa malori, na Kalunde alijua wazi kwamba ina ugonjwa, kwa kuwa iliwahi kumlia barua nzima kabla hajawa na mlinzi yeyote. Alimzima wa kijani. Akamwacha mwekundu peke yake langoni, akaingiza diski. Mashine iliisoma, ikakoroma, ikamaliza. Ngao nyekundu ikasema kila kitu kiko salama.

"Umeona?" Muthama alisema. "Salama!"

Kalunde alimzima mwekundu, akamwamsha wa kijani, akaingiza diski ileile. Haikumaliza hata kuzunguka. Dirisha la kijani liliruka katikati ya kioo na kupiga kelele, likataja ugonjwa kwa jina, na kuuliza kama liuue.

Mzee Ndolo alikuwa amerudi mlangoni, shingo ndefu. "Muthama," alisema, "huyo wako alikuwa amelala."

"Labda hiyo diski—"

"Alikuwa amelala kabisa. Hata mimi nimeona."

"Simwondoi kwa sababu ni wako," Kalunde alimwambia shemeji yake, na aligeuza kiti ili amtazame anapolisema. "Ningemwondoa hata kama angekuwa wa Mwangangi. Namwondoa kwa sababu mwizi amepita mbele yake akampigia saluti."

Akamwondoa. Ilichukua muda, na wote walisimama wakitazama ule mstari mdogo ukijaa. Kisha akaizima mashine, akaiwasha upya, si kwa ile njia ya tahadhari bali kwa njia ya kila siku. Rangi zilirudi. Alifungua mtihani wa hisabati, ukafunguka papo hapo. Akaamuru printa ichape, nayo ikaanza kukwaruza kushoto na kulia kwa ile kelele yake mbaya, na karatasi ikatoka ikijikunja mpaka ikagusa viatu vya Muthama.

Muthama aliiokota. Alisoma swali la kwanza, akasoma la pili, kana kwamba angepata kosa la hesabu la kumwokoa. Kamba zilikuwa bado begani.

"Sawa," alisema hatimaye. "Ahadi ni ahadi, sitaibeba. Lakini tuongee kama watu wa nyumba moja. Hiyo paswadi sasa imejulikana na kila mtu hapa mpaka mbwa. Lazima uibadilishe, na lazima mtu mmoja wa ukoo aijue. Ukiugua je? Ukisafiri?"

"Nimeshaibadilisha. Mlipokuwa mnaitazama diski yangu."

"Basi nitajie, niandike mahali."

Mbinya akaingiza kichwa dirishani. "Mama Mutindi, hata mkwe anauliza hiyo mpya ni gani. Anasema ni kwa usalama tu."

Kalunde aliinamisha kichwa kidogo, kama mwanamke anayelifikiria ombi kwa heshima. Ndani ya kifua chake kulikuwa na furaha kali ambayo hakuwa ameisikia tangu kabla ya mazishi, na hakujaribu kuificha usoni.

"Mwambie mkwe wangu namwelewa vizuri sana sasa," alisema. "Yeye alikuwa na nthoni na jina langu, na mimi nina nthoni na hii paswadi. Ni kitu siwezi kukitaja mbele ya wanaume."

Mzee Ndolo alicheka kwanza, kicheko kilichomponyoka, akajifanya anakohoa. Kisha alivaa kofia, akatoka kwenda kuwasha pickup. Muthama alibaki amesimama na mtihani mkononi. Kalunde aliichukua karatasi kutoka mkononi mwake, akainyoosha, na kumwomba asogee kidogo, kwani alikuwa amesimama kwenye mwanga.